Nani atibiwe kwanza? Swali lililoanzia vitani likafika mezani kwa muuguzi

Kaa nusu saa kwenye benchi la idara ya dharura, hutakosa kusikia manung'uniko: "Huyu kanikuta hapa, mbona kaingizwa kwanza?" Mara nyingi aliyemwingiza si daktari. Ni muuguzi wa mlangoni, mwenye saa mkononi na kipimo cha presha mezani. Utaratibu anaoufuata una umri wa zaidi ya miaka 200, na ulizaliwa vitani.

Mwishoni mwa karne ya 18, askari wa Ulaya aliyejeruhiwa aliachwa alipoangukia mpaka mapigano yatulie. Mwaka 1792 daktari mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, Dominique Jean Larrey, akapata wazo la vigari vyepesi vya farasi vitakavyowafuata majeruhi huko huko mstari wa mbele. Majeruhi walipoanza kuletwa wangali hai, likazuka swali jipya: nani apasuliwe kwanza? Larrey hakutaka cheo kiwe kigezo. Aliye hatarini zaidi ndiye atangulie, awe jenerali au askari wa kawaida.

Wauguzi waliingizwa katika kazi hii kwenye Vita vya Crimea. Mwishoni mwa 1854, mpasuaji wa Kirusi Nikolai Pirogov alifika Sevastopol, mji uliokuwa umezingirwa, akakuta majeruhi wamerundikana bila mpangilio. Aliwagawa kwa makundi: wasio na matumaini ya kupona, wanaohitaji kupasuliwa mara moja, wanaoweza kusubiri, na wenye majeraha madogo. Masista wauguzi waliofanya kazi chini yake wakapewa makundi yao ya kuhudumia.

Ilichukua muda mrefu utaratibu huo kuwa kazi ya kila siku katika hospitali za raia. Mwaka 1994 madaktari na wauguzi wa Manchester, Uingereza, walikutana kuandaa mwongozo mmoja wa kuwapanga wagonjwa kwa uharaka. Miaka minne baadaye, Agosti 7, 1998, Nairobi ilionja uchungu wa siku ambayo wagonjwa wanazidi vitanda. Bomu katika ubalozi wa Marekani liliua watu 213 na kujeruhi maelfu, wengi wakikatwa na vioo vya madirisha. Katika msiba kama ule, anayepiga kelele huenda ana nguvu kuliko aliyenyamaza.

Afrika ilikuwa na mchango wake. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, watoto walikuwa wakisubiri kwenye foleni ndefu, na mtoto mahututi mgongoni mwa mama yake angeweza kudhaniwa amelala. Tangu 2001 huduma ikapangwa upya, kila mtoto akaguliwe anapoingia. Je, anapumua kwa shida? Ana degedege? Amepoteza fahamu? Mikono yake ni ya baridi? Muuguzi hubonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, kisha huuachia. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, mikono ikiwa ya baridi na mapigo dhaifu ya haraka, huyo hasubiri zamu. Kabla ya mabadiliko hayo, watoto 10 hadi 18 kati ya kila 100 waliolazwa walifariki. Baadaye wakawa 6 hadi 8.

Cape Town nayo ilikuwa na tatizo lake. Miongozo ya Ulaya ilitaka wauguzi wenye uzoefu mkubwa, nao walikuwa wachache. Kundi lililoundwa mwaka 2004 likatunga mfumo ambao hata muuguzi msaidizi angeweza kuutumia: hesabu pumzi, hesabu mapigo, pima presha na joto, angalia kama mgonjwa anatembea, ana fahamu au ameumia, kisha jumlisha alama. Alama 7 au zaidi ni rangi nyekundu, mgonjwa ahudumiwe papo hapo. Wa rangi ya chungwa asisubiri zaidi ya dakika 10, wa njano saa 1, wa kijani saa 4. Ishara za hatari, kama degedege inayoendelea, humpandisha mgonjwa hata alama zikiwa ndogo.

Tanzania ilifungua idara ya kisasa ya tiba ya dharura Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza. Lakini katika zahanati na vituo vya afya vingi, anayempokea mgonjwa kwanza bado ni muuguzi. Ndiyo maana mafunzo ya dharura yasiishie kwa mabingwa, na meza ya mlangoni isiachwe kwa mtu asiyefundishwa kupima.

Nawe msomaji, ukipeleka mgonjwa anayehema kwa shida, anayetoka damu nyingi au asiyeamka, usikae kwenye foleni kwa adabu. Mwambie muuguzi pale pale mlangoni. Na siku ukipitwa na aliyekuja nyuma yako, mwachie njia: huenda hali yake ni mbaya kuliko yako.