Sauti ya Mtu Mfukoni: Kutoka Kanda hadi Mlio wa Simu Garissa

Historia ya mlio wa simu Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya inaanzia kwenye kanda ya redio. Kampuni ya Philips ilitoa kaseti mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 ilikuwa imeenea kote wanakoishi Wasomali, kuanzia Hargeysa na Mogadishu hadi Mandera, Wajir na Garissa. Redio ya kaseti ilitumia betri, iliweza kubebwa popote mifugo ilipohamia, na msikilizaji hakuhitaji kujua kusoma. Kwa jamii ya wafugaji ambayo ilihifadhi historia, sheria na ugomvi wake katika mashairi, chombo hicho kilikuja kama kilichoagizwa.

Kanda zilibeba mambo mengi. Kulikuwa na gabay, shairi zito la wanaume, na buraanbur, shairi la wanawake linaloimbwa kwa ngoma harusini. Kulikuwa na nyimbo za mapenzi zilizosindikizwa na udi, ambao Wasomali huuita kaban, pamoja na mawaidha ya masheikh na kisomo cha Kurani. Mnyororo wa mashairi wa Deelley, ambamo washairi kama Hadraawi na Gaarriye walijibizana kuhusu siasa na ukabila wa Somalia chini ya Rais Siad Barre mwishoni mwa miaka ya 1970, ulisambaa kwa kanda zilizopita mkono kwa mkono. Barua nazo ziliandikwa kwa sauti. Somalia ilipata maandishi rasmi ya Kisomali mwaka 1972, lakini watoto wa upande wa Kenya walisomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kijana aliyekwenda kutafuta kazi Uarabuni alirekodi salamu zake kwenye kanda, akampa msafiri, na nyumbani ukoo mzima ukakaa kumsikiliza.

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliikuza biashara hii upande wa Kenya. Maelfu ya wakimbizi walifika kambi za Dadaab, katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa, na wengine wakaenda Eastleigh, Nairobi. Huko nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa soko la vibanda, na redio, kanda tupu na vifaa vya umeme kutoka Dubai vikaanza kuuzwa kwa bei nafuu. Mwenye duka la kanda aliunganisha mashine mbili na kunakili usiku kucha. Lakini kila nakala ilizaa mkwaruzo wake, na nakala iliyotolewa juu ya nakala ilififia hadi maneno yakawa ya kukisia.

Simu ya mkononi ilianza kuenea Kenya mwaka 2000, Safaricom na Kencell ziliposhindania wateja. Simu kama Nokia 3310, iliyotoka mwaka huohuo, ilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye simu aliweza kutunga mlio wake mwenyewe: kitufe cha 1 kilitoa noti ya kwanza, cha 2 ya pili, hadi cha 7, cha 8 kilifupisha noti na cha 9 kikairefusha, sifuri ilikuwa kimya, na nyota ilipandisha au kushusha sauti. Kazi hiyo ilitaka subira na sikio zuri, na faili iliyopatikana ilikuwa ndogo kiasi cha kutumwa kwa ujumbe mfupi. Baadaye zikaja simu za milio ya sauti nyingi kwa pamoja, Nokia 3510 ya mwaka 2002 ikiwa miongoni mwa za kwanza za Nokia. Zilitumia faili za MIDI, ambazo hazina sauti iliyorekodiwa: ni maagizo yanayoiambia simu ipige noti gani, kwa ala gani na kwa muda gani.

Muziki wa Kisomali umejengwa juu ya ngazi ya noti tano, kwa hiyo lahani yake iliingia vizuri katika mlio wa aina hiyo. Kilichokosekana ni maneno. Wimbo wa Kisomali huthaminiwa kwanza kwa shairi lake, na anayeusikiliza hutaka kujua umetungwa na nani kabla ya kuuliza umeimbwa na nani. Mlio usio na neno hata moja uliacha nje sehemu kubwa ya utamu.

Pengo hilo lilizibwa na faili ya AMR. Muundo huu uliidhinishwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na simu nyingi ziliutumia pia kurekodi sauti. Ulihifadhi sehemu ile ya sauti inayobeba usemi na kutupa sauti nene za chini na nyembamba za juu. Kwa kipimo chake cha juu, dakika moja ilichukua chini ya kilobaiti 100. Mtu aliisogeza simu karibu na spika ya redio, akanasa beti chache, akazifanya mlio. Udi ulisikika mkavu na ngoma ilipotea, lakini gabay ilieleweka neno kwa neno. Teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya maongezi iliifaa jamii inayopenda usemi.

MP3 ilirudisha muziki wenyewe. Muundo huo ulibuniwa Ujerumani na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, ambao waliupa jina hilo mwaka 1995. Wimbo wa dakika nne, kwa kipimo cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, ulichukua takriban megabaiti 4. Katikati ya miaka ya 2000 zilitoka memori kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kadi ya gigabaiti moja ikabeba nyimbo zipatazo 250, mzigo ambao kwa kanda ungejaza sanduku. Muuza kanda akawa muuza faili. Mteja alichomoa kadi, fundi akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua makabrasha ya nyimbo za Kisomali, kaswida, mawaidha na Bongo Fleva, kisha akanakili alizoagizwa. Aliyetaka mlio alikatiwa kipande cha wimbo kinachoanzia kwenye kiitikio. Baada ya hapo faili ilihama simu hadi simu kwa Bluetooth bila gharama, na nakala ya mia ilisikika sawasawa na ya kwanza.

Simu zenyewe zilishuka bei. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye simu mwaka 2009, na simu za Kichina zenye laini mbili na spika kubwa zikajaa Eastleigh na kusafirishwa hadi Garissa. Nyingi zilikuwa bandia, na Tume ya Mawasiliano ilizima zaidi ya milioni moja nchini kote usiku wa Septemba 30, 2012. Kufikia hapo simu janja zilikwishaingia. Huawei IDEOS, iliyoletwa Kenya mwaka 2011 kwa bei ya karibu shilingi 8,000, ilitumia Android, na humo ilitosha kuweka faili ya MP3 katika kabrasha la milio ili ichaguliwe. iPhone ilidai faili maalumu ya m4r iliyoandaliwa kwa kompyuta.

Milio ilizua pia suala la dini. Adhana na aya za Kurani zilitumiwa na Waislamu wengi kama milio, na wanazuoni wengi wakapinga: mtu akipokea simu aya hukatwa katikati, na simu huweza kulia chooni. Wengi wakachagua kaswida badala yake. Ng'ambo ya mpaka jambo lilikuwa zito zaidi. Aprili 2010, kundi la wapiganaji la Hizbul Islam lilizilazimisha redio za Mogadishu kuacha kupiga muziki, nyimbo zilezile zilizokuwa zikilia katika simu za Garissa.

Mwaka 2009 Safaricom ilianzisha Skiza, ambapo anayepiga simu ndiye anayesikia wimbo. Faili hukaa kwenye mitambo ya kampuni, na mwenye wimbo hupata sehemu ya malipo, jambo ambalo biashara ya kunakili haikumpa. Mwaka 2013 WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti, na salamu za kwenda Minneapolis au Jeddah, zilizokuwa zikingoja msafiri, zikawa za sekunde chache. Shauku ya kubadilisha mlio ilipungua watu walipozoea kuiacha simu itetemeke tu.

Kanda za zamani zimepata watunzaji. Kituo cha Utamaduni cha Redsea, Hargeysa, kimekusanya zaidi ya 10,000. Faili za AMR na MP3 ziko hatarini zaidi, kwa sababu hupotea simu inapouzwa au kadi inapoharibika, na ndani yake mna sauti za wazee, washairi na waimbaji wa harusini ambazo hazikuwahi kuingia studio. Kuzihifadhi hakuhitaji mtambo mkubwa: faili inakiliwe kabla kadi haijafa, na liandikwe jina la msemaji, mahali na mwaka.