Mafunzo kazini migodini: Kwa nini semina peke yake haitoshi

Mchenjuaji kwenye mwalo mkoani Geita anaweza kukueleza vizuri tu hatari ya zebaki: mvuke wake hauonekani, hauna harufu, na unadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Ameshakaa semina, amesaini mahudhurio, amepewa cheti. Halafu jioni dhahabu ikipatikana, anaichoma peupe kama kawaida.

Je, hakuelewa? Alielewa. Ila retoti, kile chombo cha chuma kinachonasa mvuke ili zebaki irudi kuwa maji, haipo mwaloni. Au ipo, imefungiwa stoo. Mnunuzi kasimama pembeni na mizani yake, mwenye duara anataka mgawo fasta. Hapo kilichoishinda semina si kichwa cha mtu, ni mazingira ya kazi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo mafunzo ya aina hii yataendelea kuwepo. Swali ni yafanyikeje ili yabaki.

Tunapima nini?

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne. Washiriki waliyapenda? Walijifunza? Wanafanya kazi tofauti na zamani? Na matokeo ya kazi yamebadilika? Ripoti nyingi huishia ngazi ya kwanza: idadi ya waliohudhuria na picha ya pamoja. Ngazi ya tatu ndiyo ngumu, maana inabidi mtu arudi mwaloni au shimoni baada ya wiki kadhaa aangalie kwa macho.

Anza na msimamizi

Kijana akitoka mafunzoni akaambiwa na bosi wake "achana na mambo ya semina, tuna haraka", basi yameishia hapo. Ndiyo maana inafaa kuangalia kinachofanyika Buzwagi, Kahama. Mgodi huo ulifungwa mwaka 2021, na mwaka 2024 Barrick ikaanzisha hapo chuo kwa ajili ya wasimamizi wake wa kazi, wale wanaokaa na wafanyakazi kila zamu.

Mchimbaji mdogo hana chuo, lakini mantiki ni ileile. Kwenye duara, mwenye kauli ni mwenye duara na msimamizi wake. Ukifundisha vijana 20 ukawaacha hao wawili nje, kwa maoni yangu umepoteza siku.

Fundisha palepale kazini

Agosti 11, 2025, watu 25 walifukiwa kwenye mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, wakati kazi ya ukarabati wa maduara ikiendelea. Kazi za namna hiyo, kama kukagua au kubadili matimba, huwezi kuzijua kwa kuangalia slaidi ukumbini.

Njia inayofaa si mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilipokea maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika mashine, vikatumia hatua nne. Unamwandaa mtu na kumuuliza anachokijua tayari. Unamwonyesha kazi kipande kwa kipande, ukitaja kwa nini kila kipande kiko hivyo. Unamwacha afanye mwenyewe huku akikueleza anachofanya, na hapa ndipo utagundua kama ameelewa au anaitikia tu. Mwisho unamwacha peke yake, ila unarudi kumwangalia mara kwa mara, kisha unapunguza.

Hatua ya tatu ndiyo huwa tunairuka. Tunauliza "mmeelewa?", ukumbi mzima unajibu "ndiyo", tunaenda kula.

Kuhusu lugha: mwongozo wa mashine unakuja kwa Kiingereza, mkufunzi anafundisha kwa Kiswahili cha ofisini, wakati zamu nzima inaongea Kisukuma. Mwache mtu arudie maelekezo kwa lugha anayotumia akiwa shimoni. Hatari ikitokea, hiyo ndiyo atakayopiga nayo kelele.

Na usimwage yote siku moja. Tangu utafiti wa Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 inajulikana kwamba tunasahau haraka tusichokirudia. Dakika 10 za usalama kabla ya zamu, jambo moja kila asubuhi, zinaweza kufanya kazi kuliko semina ya siku mbili.

Nani analipa?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo, kwa hiyo si hisani. Pia waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL), iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na sehemu yake huenda VETA.

Kwa wachimbaji wadogo, STAMICO ina vituo vya mfano Lwamgasa na Katente mkoani Geita, ambako mtu anajifunza uchenjuaji bora kwa kuona mtambo ukifanya kazi.

Na kama wewe ni makenika au mchomeleaji uliyejifunzia mtaani, VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoijua, mapungufu yanafanyiwa kazi, ukifaulu unapata cheti. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe, Shinyanga au Geita.