Mbari ya Kirusi

Nimeletewa kuhariri kijitabu cha wafugaji wa nguruwe wa Mikese. Jaladani kimeandikwa "Utambulisho wa Kijenetiki wa Magonjwa ya Kivirusi". Utambulisho! Anayetambulishwa ni mgeni rasmi, ugonjwa hutambuliwa.

Hilo lingesameheka. Lakini ndani, kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, kimepewa "aina ya jenetiki namba mbili", tafsiri ya genotype. Aina ni ya mchele: zinakaa sokoni bega kwa bega bila kuulizana ujamaa. Maabara inaposoma kipande cha jeni ya protini ya p72 inatafuta ujamaa huohuo, kirusi hiki ni ndugu wa kipi na kimetokea wapi. Jibu la swali hilo ni mbari.

Wapo wanaoshikilia "nasaba", kwa kuwa vinasaba vya Mkemia Mkuu tumeshavizoea. Nasaba ni ya Kiarabu, na Waarabu huifuata kwa baba. Mluguru wa hapahapa Morogoro huhesabu lukolo lake kwa mama. Tumpe nani kirusi, kisicho na baba wala mama? Mbari ni neno la Kibantu. Wagikuyu nao wanalo, wakalifunga upande wa baba. Hilo ni lao, Kiswahili hakijalifunga popote.

Tena linatamkika. Mbari ya pili ilionekana Georgia mwaka 2007, ikafika China 2018. Kwetu ililipuka Kyela 2010, kisha ikaingia Morogoro. Na mfugaji ayatumieje haya? Nguruwe wakishikwa na homa, masikio yakawa mekundu na wakaanza kufa kwa mfululizo, mfugaji asikimbilie kuwauza kwa wa kitimoto. Amwite daktari wa mifugo achukue damu, maana ipo homa nyingine ya nguruwe, ya kirusi kisicho na undugu na hiki, na kwa macho hazitofautishiki.

Jopo moja la istilahi, nililolipelekea hoja hizi kwa adabu zote, lilinijibu kwa sentensi moja kwamba mbari "inanuka ubaguzi". Wajumbe wake ni walewale waliotutwika "mmenyuko mnyororo wa polimerasi", ambao wenyewe wakishaingia maabara huuita pisiaa.