Ufunguo Anao Dada: Kumbukumbu ya Usiku wa Nungwi



Watayarishaji wa kitabu chetu hiki cha kila mwaka waliniomba niandike historia fupi ya safari za meli baina ya Unguja na Pemba, kwa kuwa watoto wetu waliozaliwa huku ugenini hawazijui. Nilikubali kwa furaha. Lakini kila nilipoishika kalamu, ilinipeleka pahala pamoja tu, nako ni Nungwi, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2011. Basi nimeona niiache inipeleke. Nitaandika habari za meli, na nitaandika habari za dada yangu, maana kwangu mimi mambo mawili haya hayatengani tena.

Kwanza vijana wafahamu jinsi nchi ilivyo. Pemba ni kisiwa, na kila kisichoota Pemba hufika kwa bahari. Mchele, unga, sukari, saruji, mabati, magodoro, mafriji, vingi katika hivyo vilikuwa vikipita gati ya Malindi pale mjini Unguja, vikipakiwa melini pamoja na watu. Meli ikitoka Malindi huufuata upande wa magharibi wa kisiwa, ikaipita Tumbatu, mpaka ikafika Nungwi, ncha ya kaskazini kabisa. Hapo ardhi hukatika, na hapo ndipo bahari huanza kusema. Mkondo wa Nungwi ni mkali, maji yake ni marefu mno, na wazee wetu walipofika hapo walikuwa wakiacha mazungumzo wakashika tasbihi. Sisi wa umri wangu tulivuka na M.V. Mapinduzi, meli ya Serikali iliyojengwa Japani ikaanza kazi miaka ya 1970. Tulitapika, tulilala juu ya magunia, lakini tulifika. Meli ile ilipochakaa, safari zikaangukia zaidi mikononi mwa vyombo vya watu binafsi, vingi katika hivyo vikiwa vimekwisha kutumika miaka mingi katika bahari nyengine.

Sisi tulioko nje tumo ndani ya historia hiyo, ingawa hatupendi kulikumbuka hilo. Mizigo mingi ya melini, mtumaji wake ni mtu kama mimi na wewe. Tunanunua hapa cherehani, godoro, friji, vitambaa vya Sikukuu, tunavifunga katika makasha, vinafika Unguja, kisha ndugu wa Pemba hupanda meli aje kuvitoa bandarini na kurejea navyo. Msaada tunaoutuma kwetu huvuka mkondo wa Nungwi, na mtu huvuka pamoja nao.

Dada yangu alinizidi miaka kumi na mmoja. Mama alipokuwa shambani, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na yeye ndiye aliyenipeleka skuli siku ya kwanza. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na wengi wenu mlizivaa bila ya kujua mkono uliozishona. Kofia moja nzuri ilimchukua miezi, akitoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, kimejaa alama za sindano. Baada ya kufiwa na mumewe alimlea mwanawe wa pekee kwa uzi huo.

Mwaka ule wa 2011 macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nikamtumia cherehani, ili ashone nguo za kawaida na kupumzika na viua. Akaja Unguja kula Sikukuu kwa jamaa na kuusubiri mzigo. Idi ilikuwa mwisho wa Agosti. Mzigo ukachelewa, ukatoka bandarini wiki ya pili ya Septemba. Ijumaa ya tarehe 9, baada ya sala, nilimpigia simu. Mzigo ulikuwa umekwisha kupakiwa katika meli iitwayo Spice Islander, itakayoondoka usiku ule.

Akaniambia, "Watu ni wengi, baba. Wote wanarejea baada ya Sikukuu, na wengine wanawahi karafuu. Moyo wangu unaniambia nikae mpaka wiki ijayo."

Nami nikamjibu, "Dada, mzigo ukisafiri peke yake utapotea. Nenda nao."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, ukisema wewe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Meli iliondoka Malindi kiasi cha saa tatu za usiku. Ilikuwa imejengwa Ugiriki mwaka 1967, na ruhusa yake ilikuwa kuchukua abiria zaidi kidogo ya 600. Waliokuwapo gatini wamesimulia jinsi watu walivyobanana mpaka pasiwe na pahala pa kuweka mguu, na wapo walioingia, wakaogopa, wakateremka. Ilipofika Nungwi, kiasi cha saa saba za usiku, ikalala upande mmoja, maji yakaingia, taa zikazimika, ikapinduka. Walioona asubuhi waliona kwa sababu walipata kitu cha kushika. Wengi walielea juu ya magodoro, yale yale magodoro yaliyokuwa mzigo. Wavuvi wa Nungwi na vijiji vya jirani walitoka na mashua zao, na boti za kuwachukua watalii kupiga mbizi zikatoka nazo. Kila aliyeokoka hatokusahau kutaja wema wa watu wale, na sisi pia tusiusahau.

Hapa Maskati simu yangu ililia kabla ya alfajiri. Nilipata ndege nikafika Unguja, nchi nzima imo katika msiba. Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, alikuwa ametangaza siku tatu za maombolezo. Maiti walikuwa wakiletwa uwanja wa Maisara ili watu wao wawatambue. Nilipita safu baada ya safu. Sikuwa nikitazama nyuso, ndugu zangu, kwa maana bahari hubadilisha nyuso. Nilikuwa nikitazama mikono. Nilitafuta kidole gumba chenye alama za sindano. Niliona mikono ya akina mama wengi, na mikono midogo ya watoto, lakini kidole kile sikukiona. Wale wasiotambuliwa na watu wao walizikwa Kama. Huenda alikuwa miongoni mwao nami nilichelewa. Huenda yumo ndani ya ile meli. Wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini, lakini kina na mkondo viliwashinda, wakaondoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwandishi wa historia hawezi kulipita. Siku za mwanzo ilisemwa kuwa meli ilikuwa na watu kama 800. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake Januari, 2012, hesabu ikawa nyengine kabisa: waliookolewa 941, maiti waliopatikana 203, na waliopotea wasionekane 1,370. Tazameni tofauti hiyo. Yawezekanaje watu zaidi ya elfu moja wasijulikane kuwa wamo chomboni? Yawezekana kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika. Sisi tuliosafiri katika njia ile tunajua ilivyokuwa: tikiti nyengine hazikuandikwa jina, watoto wadogo aghalabu hawakukatiwa tikiti kabisa, na mwenye kujuana na mtu mlangoni alipita. Hesabu ilipatikana baadaye, pale jamaa walipojitokeza, nyumba kwa nyumba, wakataja majina ya watu wao. Kwa maneno mengine, orodha ya meli ile iliandikwa na wafiwa.

Wala haukuwa msiba wa mwanzo, wala wa mwisho. Bara walikwisha kuonja mfano wake tarehe 21 Mei, 1996, meli ya M.V. Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, wakafa mamia. Na kabla ya mwaka kutimia tangu Nungwi, tarehe 18 Julai, 2012, M.V. Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Msiba unaporudi kwa haraka namna hiyo, si haki kusema ni kudra tu tukanyamaza. Kudra ni ya Mwenyezi Mungu, lakini kujaza meli ni kazi ya wanaadamu.

Narudi nyumbani. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa hai wakati ule. Tulimsalia Dada sala ya ghaibu, tukasoma hitima, na sheikh wetu akatukumbusha kuwa mwenye kufa maji ana daraja ya shahidi. Mama alisikiliza yote kwa adabu. Lakini tulipotaka kukifungua chumba cha Dada alikataa. Dada alikuwa amekifunga kwa kufuli alipokwenda Unguja, na ufunguo alikwenda nao. Fundi alipoitwa kuivunja kufuli, Mama alisimama mlangoni akasema, "Kina mwenyewe hicho. Ufunguo anao." Tukamwacha. Hata mikarafuu michache ya Dada haikugawiwa. Ilichumwa kila msimu na fedha zake zikawekwa.

Ilipokuja meli mpya ya Serikali, M.V. Mapinduzi II, iliyojengwa Korea ya Kusini na kufika mwisho wa mwaka 2015, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200, mpwa wangu alimhadithia bibi yake habari zake. Mama akauliza swali moja tu: "Na majina wanayaandika?"

Mama alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda kumzika, na baada ya siku tatu mpwa wangu akachukua nyundo, akaivunja kufuli mwenyewe. Chumba kilikuwa na harufu ya vumbi na karafuu. Juu ya kitanda palikuwa na kofia moja, nusu yake imekwisha na nusu yake ni alama za penseli tu, na sindano imechomekwa pale alipoishia. Ilikuwa kipimo cha kichwa changu.

Hapo ndipo nilipomwambia mpwa wangu habari ya simu ile. Nilikuwa nimeificha miaka yote hiyo. Hata mke wangu hakuijua. Nilimwambia, "Mama yako alitaka kukaa. Mimi ndiye niliyemwambia aende, kwa ajili ya cherehani."

Hakunijibu papo hapo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaigeuza geuza kofia. Kisha akasema, "Mjomba, hapa kwetu kila nyumba ina simu yake ya siku ile. Mmoja alimwambia mwenziwe awahi skuli, mwengine awahi karafuu, mwengine awahi harusi. Mimi nilimwambia Mama nimechoka kujipikia."

Ndugu zangu, maneno hayo hayakunifutia simu yangu, wala sidhani kuwa yalikusudiwa kufanya hivyo. Ninaomba maghufira mpaka leo. Lakini yalinifundisha kitu ambacho sikukijua nikiwa peke yangu huku ugenini. Sisi jamaa tumejigawia lawama ya msiba ule kimya kimya, kila mtu na fungu lake, kila mtu akidhani analo yeye tu. Kumwambia dada yako apande meli si dhambi. Meli ni kitu cha kupandwa. Waliotakiwa kuhesabu watu gatini hawakuwa mimi, wala mpwa wangu. Ni lazima tulijue hilo, si kwa kujipa nafuu tu, bali kwa kuwa mwenye kujilaumu peke yake husahau kumuuliza mwenye dhamana.

Kofia ile haijamaliziwa. Wapo waliojitolea kuimalizia, nami nimewashukuru nikawakatalia. Mpwa wangu alinipa niwe nayo, nami nimemwachia kufuli iliyovunjika.

Basi nina ombi moja kwa wasomaji wa kitabu hiki. Imepita zaidi ya miaka kumi, na wanaowakumbuka watu wale wanapungua. Katika kurasa hizi huwa tunaandika waliozaliwa, waliooana na waliofariki katika mwaka. Naomba tuongeze ukurasa mmoja wa watu wetu waliopotea Nungwi: jina kamili, jina la baba na la mama, kijiji, umri, kazi aliyokuwa akiifanya, na alikuwa akirejea kwa nani. Watoto wasiokatiwa tikiti waandikwe wao mwanzo. Kila nyumba ilete majina yake kwa watayarishaji kabla ya kitabu cha mwaka ujao.

Meli haikuwa na orodha. Sisi tunaweza kuwa nayo. La dada yangu nimekwisha kuwapelekea, nalo ni la kwanza.

Wassalaam.