Tuneli ya SSH kama huduma ya kudumu

Tuneli ya SSH ni njia iliyosimbwa inayopitisha data kati ya kompyuta mbili juu ya mtandao wa umma. Ikiwekwa kama huduma ya kudumu, mfumo huiwasha wenyewe mashine inapowaka na kuifufua kila inapokatika. Makala hii inaitazama kwa mazingira ya Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Asili

SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya manenosiri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo hicho. Toleo huria la OpenSSH lilitoka mwaka 1999 na ndilo lililoenea. Mfumo wa systemd, unaosimamia huduma kwenye Linux nyingi za leo, ulianza mwaka 2010.

Mazingira ya Bunia

Ofisi nyingi huingia intaneti kwa modemu za simu, na kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hivyo fundi aliye Kinshasa au Kampala hana namna ya kuifikia seva ya Bunia moja kwa moja. Dawa yake ni tuneli ya kinyume: seva ya Bunia yenyewe hufungua muunganisho kwenda nje, kwenye seva ya kukodi yenye anwani ya umma (hapa chini, seva ya mbali), na fundi huingia kupitia huko. Ituri, ambako hali ya kuzingirwa (utawala wa kijeshi kwa sababu ya machafuko) ilitangazwa mwezi Mei 2021, kumtuma fundi kwa barabara hadi Mahagi au Mongbwalu ni gharama na hatari, hivyo matengenezo ya mbali yana thamani kubwa.

Umeme wa uhakika ni haba. Jenereta na paneli za jua hubeba mzigo mkubwa.

Uwekaji

Hutengenezwa mtumiaji wa pekee asiye na madaraka mengine, pamoja na jozi ya funguo. Kisha huandikwa faili dogo la huduma lenye amri ya ssh na chaguo la -R, linalofungua poti ya tuneli kwenye seva ya mbali, pamoja na Restart=always, inayoiagiza systemd kuifufua huduma. Muunganisho wa kwanza ufanywe kwa mkono kwa jina la mtumiaji huyohuyo, ili ufunguo wa seva ya mbali ukaguliwe na kuhifadhiwa. Huduma haina mtu wa kujibu swali la kuukubali ufunguo huo.

Wengi hukwama kwenye ufufuaji. Kwa mipangilio ya kawaida, Restart=always hujaribu tena baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na systemd hukata tamaa huduma ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Umeme ukirudi Bunia, kompyuta huwaka kabla modemu haijapata mtandao: majaribio yote huisha papo hapo, na tuneli hubaki imekufa hadi mtu aiguse. RestartSec=30 pamoja na StartLimitIntervalSec=0 huondoa tatizo hilo.

Upande wa pili nao una mtego wake. Baada ya kukatika ghafla, seva ya mbali huendelea kushikilia poti ya zamani, na muunganisho mpya huingia bila poti, ukionekana mzima. ExitOnForwardFailure=yes huulazimisha ufe na kujaribu upya. ServerAliveInterval=30 hugundua laini iliyokufa kwa takriban dakika moja na nusu, na ClientAliveInterval hufanya kazi hiyo kwenye seva ya mbali.

Usalama

Ufunguo wa huduma hauna nywila, kwa hiyo lazima ubanwe kikamilifu: kwenye seva ya mbali huwekewa restrict, port-forwarding na permitlisten ya poti moja tu. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa programu hasidi ndani ya xz, programu ya kubana data, iliyolenga SSH kupitia maktaba za systemd. Masasisho ya kuondoa kasoro kama hiyo hayafai kuahirishwa.

Sheria na hali ya sasa

Kongo ina Kanuni ya Kidijitali, sheria inayosimamia huduma za kidijitali, tangu Machi 2023. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia 31 Desemba 2018 kwa takriban siku 20, tuneli hazikuwa na pa kupita. Starlink ilipewa leseni mwezi Mei 2025, na huduma yake ya kawaida nayo huwaweka wateja nyuma ya anwani ya pamoja, hivyo tuneli ya kinyume bado inahitajika.