Je, Mkusanyaji wa Saa Huwahi Kutosheka?

Mwaka jana nilinunua kasha la mbao lenye nafasi 12 za kuwekea saa. Wakati huo nilikuwa na saa 9 za mkononi, nikajiambia, kama wajiambiavyo wote wenye maradhi haya, kwamba nafasi 3 zilizobaki zikijazwa shughuli itakuwa imekwisha. Zilijazwa kabla ya Pasaka. Namna nilivyoijaza ile ya mwisho nitaieleza baadaye, maana ndiyo iliyonituma kuandika. Kwa sasa niseme tu kwamba siku kasha lilipojaa nililitazama kwa muda mrefu nikiitafuta ile raha niliyoitarajia, nisiione. Kabla ya juma kwisha nilikuwa nimekwisha kuulizia kasha lenye nafasi 20.

Msomaji anaweza kusema kwamba hilo ni tatizo la mhadhiri mwenye mshahara mdogo na tamaa kubwa. Sikatai. Lakini mimi ni mtu wa historia, na mtu wa historia akipatwa na aibu huwatafuta kwanza waliomtangulia.

Tuanzie Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyekuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anapoeleza vyumba vya nyumba kubwa za utoto wake hakosi kutaja saa: Waarabu wa Unguja walizipenda mno, hata nyumba moja ikaweza kuwa na nyingi za thamani. Jambo hili linastahili kutafakariwa. Katika mji ule siku mpya ilianza jua linapotua, na sauti iliyogawa siku mafungu ilikuwa ya mwadhini. Kwa kujua wakati, saa moja ya ukutani ingetosha kabisa. Zile nyingine zilikuwa na kazi tofauti, nayo ilikuwa kumwambia mgeni, kabla hajaletewa kahawa, kwamba mkono wa mwenye nyumba unafika Ulaya. Baadaye Sultani Barghash, kaka yake Salme, aliitoa tamaa hiyo hadharani: Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na mbele ya makasri, ukiitazama bandari, ukasimama mnara wenye saa. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliwapa waliokuwamo kasrini hadi saa tatu kamili asubuhi wawe wamesalimu amri. Muda ulipopita mizinga ikaanza, na vita vyenyewe havikutimiza saa moja. Mnara uliharibiwa, kisha mwingine ukajengwa katika Beit al-Ajaib yenyewe, nao uliporomoka pamoja na sehemu ya jengo Desemba 2020. (Kiswahili chetu, nadhani, kinatucheka hapa: neno lile lile hutaja chombo na hutaja muda. Mtu akijigamba kwamba ana saa kumi na mbili, mgeni wa lugha anaweza kudhani amebakiwa na nusu siku.)

Lakini kisa kinachofundisha kuliko vyote kilianzia Paris. Mwaka 1783 fundi Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel, alipokea agizo la saa ya mfukoni kwa ajili ya Malkia Marie Antoinette. Aliyeagiza, anayesemekana kuwa afisa wa walinzi wa malkia, hakuweka kikomo cha bei wala cha muda. Saa ilitakiwa ikusanye kila ustadi uliojulikana katika ufundi wa zama zile: ijijaze yenyewe kwa mwendo wa mwenye kuibeba, igonge saa, robo na dakika, ioneshe tarehe bila kukosea miezi mifupi, ioneshe tofauti kati ya wakati wa jua na wakati wa saa, hata na joto la hewa. Palipowezekana, dhahabu ichukue nafasi ya madini mengine. Kwa ufupi, iliagizwa saa isiyopungukiwa na kitu.

Malkia alikatwa kichwa Oktoba 1793. Breguet mwenyewe akafariki mwaka 1823. Saa ile, namba 160 katika daftari la karakana, ilimalizwa mwaka 1827, miaka 44 baada ya kuagizwa, ikiwa haina tena mwenyewe. Na kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Katika miaka hiyo ya kungoja, Breguet yule yule alibuni tourbillon, yaani kizimba kidogo kinachouzungusha moyo wa saa ili kupunguza makosa yanayoletwa na mvutano wa dunia, akapewa hataza yake mwaka 1801. Ubunifu huo, mashuhuri kuliko yote aliyoyafanya, haumo katika namba 160. Saa iliyoagizwa iwe na kila kitu ilikuwa imeshapungukiwa na kitu ingali mezani kwa fundi.

Mwaka 1917, vita vikiendelea Ulaya, Sir David Lionel Salomons aliikuta London akainunua. Huyu alikuwa mhandisi na tajiri wa Kiingereza aliyekwisha kukusanya kazi nyingi za Breguet; mwishowe zilizidi 100, na mwaka 1921 akachapisha kitabu juu ya fundi huyo. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "nimemaliza", alikuwa yeye: fundi mmoja, karakana moja, na kazi yake kuu kuliko zote iko mfukoni mwake. Sina ushahidi kwamba aliwahi kutamka neno hilo. Alifariki mwaka 1925, na sehemu bora ya mkusanyiko akamwachia bintiye, Vera. Binti huyo alifanya jambo ambalo baba hakulifanya. Alianzisha jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu mjini Jerusalem, akalipa jina la Profesa Leo Aryeh Mayer, na saa za baba yake zikawekwa humo. Jumba lilifunguliwa mwaka 1974, Vera akiwa ameshafariki.

Usiku mmoja wa Aprili 1983 mwizi aliingia, na kulipokucha vitu 106 vilikuwa havipo, namba 160 ikiwa miongoni mwake. Wengi walidhani limehusika genge kubwa la kimataifa. Kumbe alikuwa mtu mmoja, Na'aman Diller. Saa zenyewe zilikuwa mashuhuri kiasi kwamba iliyo bora kuliko zote haikuuzika popote, hivyo nyingi zilikaa mafichoni kwa miaka zaidi ya 20. Diller alifariki mwaka 2004 baada ya kumweleza mkewe, na mwaka 2006 saa 39 zikarudi makumbusho, namba 160 zikiwa nayo. Nyingine nyingi zilipatikana Ufaransa mwaka 2008. Chache hazijaonekana hadi leo. Wakati huohuo kampuni yenye jina la Breguet, chini ya Nicolas Hayek, ilikuwa imeamua kuitengeneza upya saa iliyopotea, na ikaonesha nakala yake mwaka 2008, ile ya asili ikiwa imeshapatikana. Basi dunia iliyokosa saa moja ikajikuta na mbili. Nikiwafundisha wanafunzi kisa hiki huwauliza kati ya Salomons na Diller ni nani aliyeumiliki mkusanyiko ule kikamilifu zaidi. Darasa hucheka, kisha hunyamaza.

Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, matajiri wawili walikuwa wakiagiza kwa mafundi wa Geneva saa zenye kazi nyingi kupita zilizotangulia: James Ward Packard, mtengenezaji wa magari wa Warren, Ohio, na Henry Graves Mdogo, mtu wa benki wa New York. Kama walishindana kwa kujua au ni waandishi wa baadaye waliowashindanisha, wanahistoria hawakubaliani. Packard alipata mwaka 1927 saa yenye ramani ya nyota za anga la mji wake. Mwaka uliofuata alikuwa kaburini. Graves aliagiza yake kwa Patek Philippe mwaka 1925, akakabidhiwa mwaka 1933, ikiwa na kazi 24 zaidi ya kusema saa na dakika, na anga la New York likiwa mgongoni mwake. Ilikuwa saa yenye kazi nyingi kuliko zote duniani. Inasimuliwa kwamba umaarufu iliomletea ulimchosha, kwani ilikuwa miaka ya dhiki na utekaji wa watoto wa matajiri, hata siku moja akiwa ziwani na bintiye akatamani kuitupa majini, binti akamsihi ampe yeye. Kama kisa ni cha kweli au kimetiwa chumvi, kinaonesha mtu aliyefika kileleni akakuta hakuna pa kukaa.

Na kilele chenyewe hakikudumu. Mwaka 1989 kampuni ileile ilitoa saa yenye kazi 33, na mwaka 2015 kampuni nyingine ya Geneva ikatoa yenye kazi 57. Saa ya Graves iliuzwa New York mwaka 1999 kwa dola milioni 11, ikaenda Qatar kwa Sheikh Saud bin Mohammed Al Thani, mmoja wa wanunuzi wakubwa kabisa wa vitu vya sanaa wa zama zetu. Ilipigwa mnada tena Geneva tarehe 11 Novemba 2014, ikafikia takriban dola milioni 24. Sheikh Saud alikuwa amefariki London siku 2 kabla.

Kuna wakusanyaji ambao hesabu yao hulipwa na wengine. Mfalme Farouk wa Misri alikusanya sarafu, stempu, vito na saa kwa pupa iliyozaa hadithi nyingi, ikiwamo ile kwamba aliichomoa saa ya Churchill mfukoni. Maofisa walimpindua Julai 1952, naye akaondoka kwa jahazi lake la kifalme, mali zikabaki. Mwaka 1954 serikali mpya ilizipiga mnada katika kasri la Koubbeh, Cairo, na matajiri wa dunia wakafunga safari kwenda kuchagua. Nimewahi kumsikia mtu akimhurumia Farouk kwa mkusanyiko uliovunjwa. Mimi humfikiria mkulima wa bonde la Nile aliyeulipia bila kuuona. Nasi huku kwetu tumeshajifunza kukuza picha za viongozi simuni ili kuona kilichofungwa mkononi, kisha tukapiga hesabu ya mshahara. Si umbea. Ni ukaguzi wa hesabu kwa njia tuliyobakiwa nayo.

Jean Baudrillard, katika kitabu chake Le Système des objets cha mwaka 1968, alidai kwamba kitu kinachokosekana ndicho kinachoupa mkusanyiko uhai, na kwamba mkusanyaji, bila kujua, huogopa kukipata, kwa sababu kukipata ni kama kufa. Nilikuwa nikilikubali dai hilo nilipokuwa mwanafunzi, kwa kuwa lilisikika la kina. Leo naona lina kasoro moja. Linamfanya mkusanyaji kuwa mtu peke yake na vitu vyake. Hao niliowataja hawakuwa peke yao. Salomons alikuwa na Vera, Graves alikuwa na binti ndani ya mtumbwi, Farouk alikuwa na taifa zima. Tukiuliza tu kama mkusanyiko umejaa, hatuulizi umejazwa kwa kutoa nini mahali pengine.

Sasa nirudi kwenye nafasi yangu ya 12.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa na saa moja tu maishani mwake, Seiko ya chuma aliyoinunua mwaka niliozaliwa. Aliitumia kugongesha kengele ya shule. Jioni aliitundika kwenye msumari kando ya taa ya chemli, nasi watoto tulikatazwa kuigusa, hivyo tuliigusa. Alipofariki nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kioo chake kilikuwa kimekwaruzika hata namba zikisomeka kwa shida, na mkanda ulikuwa umekatika. Haikupendeza ndani ya kasha jipya lenye kitambaa cha mahameli. Niliiweka kwenye droo.

Muuzaji aliyekuwa na saa niliyoitaka alidai fedha zaidi ya nilizokuwa nazo. Nilimpa nilizonazo, nikaongeza saa mbili kuukuu kufidia pengo. Moja ilikuwa ya baba. Aliigeuza mkononi, akaisikiliza, akasema bado inatembea. Hakunilaghai hata kidogo. Bei ilikuwa ya haki. Baada ya wiki 3 nilirudi kuikomboa, akaniambia kwamba mteja mmoja alipita akaichukua, hakuacha namba ya simu.

Mwezi Juni mdogo wangu alikuja kutoka Songea na mwanawe wa kiume, akaniuliza, "Kaka, ile saa ya baba iko wapi? Nataka huyu aione." Nilimjibu kwamba iko kwa fundi. Mwezi Agosti aliuliza tena kwa simu, nami nikajibu vilevile. Yeye husoma kila ninachoandika hapa, na huwa haachi kunisahihisha tarehe.

Haiko kwa fundi, mdogo wangu.