Daftari Moja, Kanuni Mbili

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wosia huo umewafaa wafanyabiashara wa pwani na bara kwa miaka mingi, na hapana mwenye akili atakayeupinga. Lakini lipo swali ambalo wosia huo haukuligusa. Je, itakuwaje mali ikiwa na daftari, na daftari likawa limeandikwa vizuri, ila likasema neno moja na mkono unaolitumia ukatenda neno jingine? Katika insha hii nakusudia kulichungua swali hilo kwa mifano miwili ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haina udugu. Mmoja ni wa ardhi ya Ngorongoro, jirani ya Karatu. Wa pili ni wa yale madaftari ya kompyuta yaitwayo blokucheni. Naianza ya ardhi kwa kuwa ni ya zamani zaidi, na kwa kuwa msomaji ataielewa ya kompyuta kwa urahisi akiisha kuiona ya ardhi.

Msafiri anayepanda kutoka Karatu kwenda Ngorongoro huuona mpaka kwa macho kabla ya kuusoma katika karatasi. Mashamba ya mahindi, ngano na mbaazi hufuatana naye vilimani, kisha hukoma ghafla, na msitu huanza. Hapo ndipo lilipo lango la Lodoare. Upande wa Karatu jembe ni riziki ya mkulima wala hana haja ya kuliombea ruhusa. Upande wa pili jembe hilohilo limekuwa na historia ndefu ya kukatazwa, kuruhusiwa na kukatazwa tena.

Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro lilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, likawekewa sheria yake lenyewe. Nia ya mgawanyo huo ilikuwa kuwaruhusu wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi humo waendelee kuishi pamoja na wanyama wa porini, jambo lisiloruhusiwa katika hifadhi ya taifa. Mwaka 1975 sheria ikarekebishwa, na kilimo kikapigwa marufuku ndani ya eneo lote. Miaka ikapita. Mifugo ikapungua ikilinganishwa na watu, njaa ikabisha hodi, na mwaka 1992 Serikali, kwa kauli ya Waziri Mkuu wa wakati huo, John Malecela, ikawaruhusu wakazi kulima vishamba vidogo vya kujikimu. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa tamko. Sheria ya 1975 haikufutwa wala haikubadilishwa. Mwaka 2009 marufuku ikarudishwa katika vitendo, na majembe yakawekwa chini.

Tuitazame vyema miaka 17 iliyo kati ya 1992 na 2009. Katika kabati la sheria palikuwa na karatasi iliyosema kuwa kulima ni kosa. Bondeni palikuwa na mahindi yaliyopandwa kwa idhini ya kiongozi mkubwa wa nchi. Mlinzi wa hifadhi aliyeshika sheria ya 1975 hakuwa mwongo, na mama aliyeshika jembe kwa kutegemea tamko la 1992 hakuwa mwasi. Kila mmoja alitii nakala aliyopewa, na kwa kuwa nakala hizo hazikupatana, utii wao wenyewe ulikuwa mbegu ya ugomvi. Ugomvi huo ulipokata shauri, aliyelipa gharama ni yule ambaye hakuandika nakala hata moja: mwenye kishamba, ambaye baada ya hapo alilazimika kuuza mbuzi ili anunue mahindi yaliyolimwa ng'ambo ya pili ya lango.

Sasa na tuingie katika kompyuta. Blokucheni ni daftari la pamoja lisilokuwa na mwandishi mmoja. Kompyuta nyingi, kila moja ikiitwa nodi, huweka nakala ya daftari hilo, na kurasa zake, yaani bloku, hufungamanishwa moja baada ya nyingine. Daftari la kwanza la namna hii lililopata watumiaji wengi ni Bitcoin, lililoanza kazi Januari 2009. Katika kila nodi yamo mambo mawili. Kwanza upo msimbo unaotenda kazi, ambao ndio hakimu wa kukubali au kukataa ukurasa mpya. Pili yapo mafaili ya mipangilio, ambamo zimeandikwa namba na anwani ambazo msimbo huzisoma kabla ya kuamua: kipimo hiki kisizidi hapa, kanuni ile ianze siku fulani, amana zipokelewe katika anwani fulani. Msimbo ni mkono, na faili la mipangilio ni karatasi ambayo mkono umeambiwa uifuate. Mkono ukibadilishwa na karatasi ikasahauliwa, au karatasi ikabadilishwa na mkono ukabaki na mazoea yake, nodi haitalia wala kulalamika. Itaendelea kufanya kazi kwa uaminifu kamili, ikielekea mahali pasipo.

Jambo hili lilidhihirika usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi 2013. Toleo la 0.8 la programu ya Bitcoin lilikuwa limetoka mwezi uliotangulia, nalo lilitumia ghala jipya la kumbukumbu. Matoleo ya zamani, 0.7 na yaliyotangulia, yalitumia ghala liitwalo Berkeley DB. Ghala hilo la zamani lilikuwa na kipimo cha idadi ya kufuli ambazo lingeweza kuzifunga kwa mara moja wakati wa kuandika. Kipimo hicho hakikuwa kanuni ya Bitcoin; hakuna aliyekijadili wala kukitangaza. Kilikuwa ni mpangilio tu wa ghala, uliowekwa na kusahauliwa. Ilipokuja bloku ya 225,430, iliyokuwa na miamala mingi kupita desturi, nodi za 0.8 ziliipokea bila shida, na nodi za zamani zikaikataa kwa kuwa kufuli hazikutosha. Tangu dakika ile daftari likawa madaftari mawili.

La kustaajabisha ni namna shauri hilo lilivyokatwa. Nguvu kubwa ya wachimbaji, yaani wale wanaotengeneza bloku mpya, ilikuwa upande wa toleo jipya. Lakini ilionekana upesi kuwa nodi za 0.8 zingeweza kuyasoma madaftari yote mawili, ilhali nodi za zamani zingelisoma moja tu. Basi wenye nguvu wakaombwa warudi nyuma, nao wakarudi toleo la 0.7, wakiacha bloku walizokwisha kuzitengeneza pamoja na malipo yake. Baada ya saa kadhaa daftari likawa moja tena. Hata hivyo, katika muda huo mfupi, malipo yenye thamani ya dola 10,000 hivi yalifanywa katika tawi moja na pesa zilezile zikatumiwa tena katika tawi jingine. Miezi iliyofuata, waliobaki na matoleo ya zamani waliambiwa waunde faili dogo la mipangilio lenye kupandisha kipimo cha kufuli. Kanuni iliyokuwa imejificha katika mazoea ikaandikwa hatimaye mahali pa kusomwa.

Mtu aweza kusema kuwa hayo yalikuwa makosa ya utoto wa fani, na kwamba wakubwa hawarudii. Mfano wa pili unamkanusha. Tarehe 24 Februari 2025 mtandao wa Ethereum ulijaribu mabadiliko yake makubwa yaliyoitwa Pectra katika mtandao wa majaribio wenye jina la Holesky. Kwa mujibu wa kanuni mpya, kila nodi ilipaswa kukusanya amana kutoka katika anwani maalumu. Anwani ya mtandao mkuu na anwani ya Holesky si moja. Katika programu tatu zinazotumiwa sana, Geth, Nethermind na Besu, msimbo mpya ulikuwa umeandikwa sawasawa, lakini mipangilio ya Holesky haikuwa na anwani iliyo sahihi. Programu nyingine mbili, Erigon na Reth, zilikuwa nayo. Matokeo yake wengi wakaikubali bloku iliyokuwa batili, na wachache wakaikataa kwa haki. Safari hii wingi ulikuwa upande wa kosa. Mtandao ukakosa uthibitisho wa mwisho wa kurasa zake kwa muda wa wiki mbili hivi, hadi tarehe 10 Machi. Ilikuwa bahati kuwa daftari hilo lilikuwa la majaribio na halikuwa na mali ya watu ndani yake. Mabadiliko yaleyale yaliingia katika mtandao mkuu tarehe 7 Mei 2025, baada ya mtandao mwingine wa majaribio, Hoodi, kuundwa ili yapimwe upya.

Tukiiweka mifano hii mitatu bega kwa bega tunaona kuwa hapakuwa na mwizi wala mdanganyifu aliyeianzisha. Kila nodi ilitii, kama mlinzi na mkulima wa Ngorongoro walivyotii. Kwa hiyo dawa ya kuhimiza uaminifu haiwezi kuponya maradhi haya. Mwaminifu akipewa nakala mbaya ataitekeleza nakala mbaya kwa bidii zaidi kuliko mvivu. Wala wingi wa watu hauwi dawa, maana mwaka 2013 wengi waliwapisha wachache, na mwaka 2025 wengi walikosea. Dawa hapana budi itafutwe katika namna nakala zinavyozaliwa na kulinganishwa.

Mafundi wa fani hiyo wamejifunza mambo mawili, nayo yanastahili kujulikana hata nje ya fani yao. La kwanza ni kuzifanya karatasi na mkono vitoke katika tumbo moja. Mtandao wa Polkadot, ulioanza mwaka 2020, huuweka msimbo wa kanuni ndani ya daftari lenyewe, hata nodi zote huusoma kutoka mahali pamoja na kanuni mpya huanza kwa wote katika bloku ileile. Lilibaki faili la maelezo ya mnyororo, lenye hali ya bloku ya mwanzo, ambalo mafundi waliliandika kando. Na kila msimbo ulipobadilika, faili la zamani liliweza kukosa kueleweka. Siku hizi maelezo hayo ya mwanzo yanaweza kutolewa na msimbo wenyewe: mtu huuliza, nao hutoa faili linalolingana nao. Karatasi imekuwa mtoto wa kanuni, na haiwezi tena kukua peke yake pembeni.

La pili ni kuulizana kabla ya siku. Baada ya mkasa wa Holesky lilitolewa pendekezo kuwa kila nodi ya Ethereum iweze kuulizwa swali rahisi: ni mipangilio gani unayoifuata leo, na ni ipi utakayoifuata mabadiliko yajayo yatakapoanza? Jibu la nodi moja likiwekwa kando ya jibu la nyingine, tofauti huonekana mapema, wakati kusahihisha bado ni kazi ya dakika chache. Njia hiyo iliambatana na mabadiliko yaitwayo Fusaka ya Desemba 2025. Si uvumbuzi mkubwa wa hesabu. Ni desturi ya makarani wawili wa ghala wanaosomeana hesabu kwa sauti kabla ya kufunga mlango.

Nchi yetu nayo ina haja ya desturi hiyo. Mnamo Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwaonya watu kuwa sarafu za kidijitali hazikubaliwi kisheria nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mwananchi aliyezisoma karatasi hizo mbili ana haki ya kuuliza ni ipi inayotenda kazi anapouza sarafu yake na kukatwa kodi.

Tena Ngorongoro yenyewe haijamaliza somo lake. Agosti 2024 Tangazo la Serikali Namba 673 liliziondoa katika orodha kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96, hali watu wake walikuwa bado wakiishi humo, wakiamkia mifugo yao kama jana. Katika mwezi huohuo walijitokeza kwa maelfu barabarani, na Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Iwe mtu anaipenda au haipendi sera ya kuwahamisha wakazi, atakiri kuwa orodha ilikuwa imeitangulia hali halisi, na kuwa mtu asiyeonekana katika orodha hupata taabu ya kuonekana kwenye sanduku la kura, zahanati na shule.

Kompyuta ina nafuu moja juu yetu. Ikitofautiana na mwenzake, tofauti hutokea katika bloku moja inayojulikana kwa namba, na mafundi huweza kurudi hadi pale, wakaanza upya. Sisi hatuwezi kurudi mwaka 1992 tukaandika katika sheria lile lililosemwa kwa mdomo. Kwa hiyo sisi tunawajibika zaidi kusomeana madaftari yetu mapema: anayetoa tamko alipeleke katika sheria, anayebadilisha sheria aitazame bonde kabla ya kutia saini, na anayeandika orodha awaulize walioorodheshwa. Wahenga walitutaka tuwe na daftari. Zamu yetu ni kuhakikisha kuwa lisemalo daftari ndilo litendwalo na mkono, maana mali yenye daftari mbili zisizopatana hupotea ikiwa na habari nyingi, na kila habari ni ya kweli kwa aliyeiandika.